Uzi Mwekundu wa Mzee Lubega

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa nane na robo mchana. Proscovia Babirye anasukuma mlango wa chumba chake nyuma ya soko la Custom, hapa Juba. Kitanda kimetandikwa. Viatu vya mumewe havipo. Mfuko wa dawa uliokuwa ukutani haupo, umebaki msumari.

Anaita mara mbili. Anachungulia bafu la mabati. Kisha anakimbia hadi kwa jirani yake Daisy, Mkenya anayeuza chai na mandazi mbele ya geti.

"Daisy, Mzee iko wapi?"

"Si amepeleka nguo?" Daisy anajibu, mwiko mkononi. "Alitoka na furushi saa tatu hivi. Akasema anarudishia watu nguo zao. Mimi hata nilimsaidia kujitwika, Mama."

"Nguo ya nani? Mzee hana kazi miaka tatu!"

Mwiko unabaki ndani ya mafuta. Daisy anashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hiyo siku ndiyo ilinimaliza," Babirye anasema leo, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, akipiga pasi huku anaongea. "Nilijua kusahau yake. Sikujua kama kusahau inaweza kupanda gari."

Babirye ana miaka 62. Ni dobi katika hoteli moja ya Hai Amarat, zile hoteli za wageni wanaokuja kutusaidia na kulala kwenye mashuka yaliyonyooka. Kwa siku hupitisha mkononi mwake nguo, mashuka na vitambaa vya meza kati ya 120 na 150. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa nane mchana, siku sita kwa wiki. Jioni anapiga pasi nguo za majirani, kwa makaa.

Mumewe, Mzee Lubega, ana miaka 71. Naye alikuwa dobi katika hoteli hiyohiyo, na kwa maelezo ya wote waliofanya naye kazi, alikuwa fundi kuliko mkewe. Alifika Juba kutoka Uganda mwaka 2008. Babirye alimfuata mwaka 2012.

Mwaka 2021 Lubega alianza kupeleka nguo kwenye vyumba visivyo vyake. Suruali ya mhandisi ikafika kwa padri. Gauni la mwanamke likaning'inizwa mlangoni kwa mzee mmoja, na asubuhi yake mzee huyo akahama hoteli. Meneja hakuuliza kuna nini. Aliandika kwenye barua ya kumwachisha kazi kwamba Lubega analewa kazini.

"Mzee ni mlokole," anasema Babirye. "Pombe hata kwa harusi hajaonja. Lakini wakubwa wakishaandika, wewe utafuta na nini?"

Ndivyo walivyo. Mtu akiwafulia miaka kumi na mitatu wanamjua kwa kazi yake. Siku akili yake ikianza kuchoka hawamjui tena. Huyo meneja hakumpeleka hospitali. Hata angempeleka, angempeleka kwa nani? Katika mji huu, ofisi ya kuhudumia mzee anayesahau ukiiulizia utaonyeshwa kiti, ukae, usubiri.

Aliyewasaidia ni muuguzi mmoja Mkenya, Jedidah, wa zahanati ndogo karibu na soko. Ndiye wa kwanza kumwambia Babirye kwamba mumewe hakurogwa na hana dharau. Ni ugonjwa wa kusahau, unaoanza polepole na kula kumbukumbu za karibuni kabla ya zile za zamani.

"Nilimwambia kitu cha kwanza aache kumuuliza 'unakumbuka?'," anaeleza Jedidah. "Hilo swali linamuumiza bure. Badala yake umwambie. Kila kitu kiwe na mahali pake palepale, siku zote. Saa ya kuoga iwe ileile, ya kula ileile. Na vitu vya maana viwekewe alama inayoonekana."

Akamfundisha pia kurudia kwa kuachanisha muda. Unamwambia mzee, "Choo kiko nyuma ya tangi la maji." Baada ya dakika moja unamuuliza choo kiko wapi. Akijibu, unasubiri dakika tano, unauliza tena. Halafu nusu saa. Akianza kubabaika, unamsaidia upesi, asipate nafasi ya kukosea, maana kosa nalo hukaa kichwani.

Lubega alijifunza choo kwa siku nne. Babirye alicheka mpaka akalia.

Tatizo likawa alama. Wengine huandika karatasi na kubandika: sukari, dawa, mlango. Lakini Lubega hakusoma sana, na Babirye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Basi akatumia alama anayoijua, ile ya kazi yao.

Madobi wa zamani hawaandiki. Nguo ikiingia, kabla haijaguswa na maji, dobi anashona uzi mdogo ndani ya ukosi. Rangi ya uzi ni mahali mzigo unapokwenda, idadi ya vifundo ni chumba au mtu. Kijani vifundo viwili, ghorofa ya kwanza chumba cha pili. Lubega alikuwa na rangi kumi na moja kichwani mwake na hakuwahi kuandika hata moja.

Jedidah alikuwa amesema rangi kali ndiyo hushika macho. Kwa hiyo jioni ya Jumatano, tarehe 13 Novemba, Babirye alikaa na sindano akaweka uzi mwekundu wa vifundo vitatu kila mahali. Kwenye mashati mawili ya mumewe, ili ajue ni yake. Kwenye mfuko wa dawa. Kwenye kikombe chake. Kwenye taulo.

"Nikalala na furaha," anasema. "Nikasema sasa Mzee atajua vitu yake."

Asubuhi yake Lubega aliamka, akaona uzi, na akafanya jambo ambalo dobi yeyote angefanya. Alikusanya kila chenye uzi, akakikunja, akafunga furushi, akaondoka kwenda kukabidhi kwa mwenyewe.

Mchana ule Babirye alizunguka Custom na picha ya mumewe kwenye simu. Vijana wa bodaboda wakamwambia pole. Kituo cha polisi kikamwambia arudi baada ya siku mbili, kwa sababu mtu mzima hapotei kwa saa tano. Mtoto wao aliyeko Kampala akasema kwenye simu kwamba ataomba.

Kondakta wa basi dogo ndiye aliyemkumbuka. "Mzee mwenye furushi? Alipanda ya Nesitu. Alilipa vizuri, akasema anapeleka mzigo wa madereva."

Nesitu iko zaidi ya kilomita ishirini kutoka Juba, kwenye barabara kuu ya Nimule, pale malori yanapopumzika. Babirye hakuwahi kwenda huko kwa jambo lolote. Alipanda basi na sare ya hoteli mwilini, tumbo tupu.

Alimkuta saa kumi na moja kasoro. Lubega alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu katika kibanda cha fundi pancha, furushi magotini, mikono miwili juu yake. Pembeni kulikuwa na chupa ya maji, imenywewa nusu.

"Ya mama, malesh, pole, usilie," fundi huyo, Lomoro, alimwambia. "Mzee wa nguo huyu mimi namjua. Zamani alikuwa anakuja hapa kila Alhamisi. Madereva wote walikuwa wanamngoja yeye. Leo nimemwona anashuka kwenye gari, nikasema huyu si alikufa?"

Ndipo Babirye akaelewa. Mwaka 2008, kabla hajapata kazi hotelini, Lubega alikuwa anafua nguo za madereva wa malori. Alizichukua Jumatatu, akazirudisha Alhamisi. Uzi wa madereva wa Nesitu ulikuwa mwekundu. Babirye alikuwa bado Uganda wakati huo, angejuaje?

Siku, basi, Lubega hakuikosea. Wala njia. Alichokosea ni mwaka.

"Mzee, twende nyumbani," Babirye alimwambia.

"Nyabo, ngoja kidogo," akajibu kwa adabu, kwa neno la Kiganda la kumwita bibi, kama anavyojibiwa mgeni. "Mwenye mali bado."

"Hii ni shati yako!"

"Yangu?" Akafungua ukosi, akamwonyesha uzi. "Dobi anavaa nguo ya mteja? Wewe unataka nifungwe?"

Alimvuta mkono, akakataa. Akamwinua, akakaa. Giza lilikuwa linakaribia na basi la mwisho lilikuwa linapiga honi. Lomoro alitazama, akafuta grisi mikononi kwa tambara, akaja akasimama mbele ya Lubega.

"Mzee wa nguo! Umechelewa leo. Leta mzigo wangu."

Lubega akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye nyekundu?"

"Ndiyo mimi."

"Vifundo ngapi?"

Lomoro akamtupia jicho Babirye. Babirye akanyoosha vidole vitatu nyuma ya mgongo wa mumewe.

"Tatu."

Basi Lubega akakabidhi. Shati moja moja, taulo, kikombe, mpaka mfuko wa dawa zake mwenyewe. Akakung'uta suruali, akasema asante, akaelekea kwenye basi bila kuvutwa na mtu. Njiani alilala begani kwa mkewe. Lomoro alikuwa amemrudishia Babirye furushi kupitia dirisha la basi.

"Alipomaliza tu kukabidhi, kalas, alitaka nyumbani," Babirye anasema. "Mimi hiyo ndiyo nilibeba kutoka Nesitu. Dobi akikabidhi, anarudi."

Kesho yake alikwenda zahanati. Jedidah alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kosa ni langu, Mama Babirye. Nilikufundisha rangi bila kuuliza kwanza rangi kwake ina maana gani."

Ni mara chache mtu mwenye koti jeupe kukiri kosa mbele ya mtu mwenye kanga. Iandikwe hapa ili wenye makoti mengine wasome.

Wakaanza upya, na safari hii walianzia kwenye mikono ya Lubega. Jedidah anasema kuna vitu ambavyo akili ya mgonjwa imevimwaga, na kuna vitu ambavyo mikono imevishika na haiviachi. Kazi ya mlezi ni kuvitafuta hivyo vya pili.

Babirye alifumua nyuzi zote. Nguo ya dobi mwenyewe haina uzi. Kwa hiyo chochote kisicho na uzi, kwa Lubega, ni cha nyumbani na hakiendi popote. Tangu siku hiyo hajatoka chumbani humo na kitu ambacho hakupewa.

Akitaka mumewe anyooshe miguu, anashona uzi wa bluu kwenye kitambaa kimoja na kumpa apeleke kwa Daisy, hatua thelathini. Lubega anakabidhi, anasalimia, anarudi. Mara mbili kwa siku. Daisy hupokea kwa uso mkavu: "Hii mikunjo iko sawa kweli, Mzee? Ama nikuripoti?" Lubega hucheka sana. Ni utani anaousikia kila siku, na kwake ni mpya kila siku.

Na dawa? Hapo nenda uone mwenyewe, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Babirye anachemsha maji. Lubega ameketi kitandani, shati mapajani. Hakuna dobi anayefua au kuvaa shati bila kupekua mfuko, kwa sababu wino wa kalamu moja huharibu beseni zima. Anaingiza vidole viwili, anatoa kidonge kilichofungwa kwenye karatasi, alichokiweka Babirye usiku.

"Nyabo! Mteja amesahau dawa yake."

"Ni yako, Mzee. Kunywa."

"Mteja akiuliza?"

"Nitasema nimekunywesha mimi."

Anameza. Tangu Januari mwaka jana, kwa hesabu ya Babirye, amekosa dawa siku sita tu, na nne kati ya hizo ni kwa sababu zahanati ilikuwa haina. Wanaopaswa kuleta dawa hawajawahi kutafutwa mifukoni.

Majina ni magumu zaidi. Kuna siku anamwita mkewe kwa jina la dada yake marehemu. Babirye habishani. Anakunja shuka pamoja naye, huyu pembe huyu pembe, wanakutana katikati, na wanapokutana anamwambia: "Mimi Babirye." Mkunjo wa pili, "Mimi Babirye." Kwenye shuka la tano au la sita Lubega mwenyewe anasema, "Babirye, vuta kidogo." Siku nyingine hasemi. Aliyewahi kuitwa jina lake na mwenziwe, na asiyeitwa na mtu tena, wote wanajua uzito wa hapo.

Babirye anasahau pia, na hafichi. Mwezi Mei mwaka jana aliacha pasi ya makaa juu ya meza, akaenda sokoni, akarudi akakuta alama nyeusi kwenye ubao, nayo ipo mpaka leo. Alikimbilia kwa Jedidah, akidhani na yeye ameanza.

"Si kila kusahau ni ugonjwa," Jedidah alimwambia. "Una miaka sitini na mbili, unalala saa nne tu kwa usiku, una watu wawili kichwani. Ungesahau pasi ni ya nini, hapo ndipo ningeogopa."

Sasa anafanya kila jambo kwa sauti. "Makaa nimemwaga kwenye mchanga. Leo Jumatano." Pasi iliyokwisha kazi inaachwa wazi, kifuniko juu, iliyofungwa ina moto. Ufunguo una msumari mmoja. Jambo la kesho analifungia kifundo kwenye pindo la kanga, na halali mpaka amekifungua na kukitaja. Wenzake hotelini walikuwa wanamcheka kwamba anaongea na pasi. Wawili wameanza kuongea na zao.

Lakini mbinu hizi zote zinataka mtu. Uzi wa bluu unahitaji wa kuupokea. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nane mchana mtu huyo amekuwa Daisy, bila mkataba, kati ya mandazi na wateja. Na Daisy anarudi Kisii. Mama yake mzazi ni mgonjwa, na amesema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho.

"Moyo wangu haupendi," anasema Daisy. "Lakini na huko pia kuna mzee wa kushikwa."

Dawa ya watu wengi hapa ni kufuli, na Babirye ameshaijaribu. Agosti mwaka jana Daisy alipolazwa na malaria, alimfungia mumewe ndani siku moja, akamwachia chakula na maji. Aliporudi, chakula kilikuwa hakijaguswa. Lubega, aliyekosa kitambaa chake cha bluu siku hiyo, alikuwa amekunja kila kitu chumbani, mpaka pazia, na alikuwa amesimama mlangoni na mzigo mikononi akisubiri kufunguliwa akakabidhi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vikakatwa kwa kisu.

"Masaa nane alisimama," Babirye anasema, na pasi inasimama. "Sitafunga tena. Hata kama watanifukuza kazi, sitafunga."

Akiacha kazi, hakuna kodi wala dawa. Aliomba hotelini Lubega akae pembeni ya chumba cha dobi, akunje vitambaa vya mkono bila malipo, chini ya macho yake. Meneja alimjibu kwamba pale si nyumba ya wazee. Miaka kumi na mitatu mzee huyo aliwakunjia, hapakuwa na aliyeuliza pale ni nyumba ya nani.

Anachokitaka Babirye si kikubwa. Chumba kimoja karibu na soko, mkeka, meza ndefu, na mtu mzima mmoja wa kukaa na wazee wanaosahau kila asubuhi. Amekwishapata wazee wengine watatu: bibi mmoja aliyekuwa akiuza samaki wakavu, mwalimu mstaafu, na mzee aliyekuwa akisuka vitanda vya kamba. Kila mmoja apewe kazi ya mikono yake. Mbao za meza ameahidiwa na Lomoro, ambaye siku hizi hupita kumsalimu "mzee wa nguo" akija mjini.

Wiki iliyopita hoteli ilikuwa na mkutano wa siku mbili. Mada ilikuwa huduma kwa wazee. Babirye alipiga pasi vitambaa vya meza thelathini na vinane kwa ajili yake. Siku ya pili alikuwa anaingiza vitambaa safi vya meza ya chai wakati mwenyekiti, mtu wa ofisi kubwa, alipouliza kama kuna mwenye swali.

Babirye aliweka mzigo chini, akanyoosha mkono. Watu waligeuka. Meneja alimtolea macho.

"Mimi ni dobi wa hapa," alisema. "Mzee yangu anasahau. Nikiwa hapa na nyinyi kazini, yeye akae na nani?"

Mwenyekiti alisema ni swali zuri sana, na kwamba litajibiwa baada ya chai.

Chai ikanywewa. Picha ya pamoja ikapigwa. Magari yakaondoka, na Babirye akakusanya vitambaa vyote thelathini na vinane, akavirudisha kwenye maji.

Daisy anaondoka Jumamosi. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, dobi Proscovia Babirye anatakiwa awe mezani kwake Hai Amarat. Mzee Lubega akae na nani?